Una Crohn au kolitisi na unataka kuchanjwa? Anza na karatasi moja

Miaka michache iliyopita niliandikiwa barua ya kwenda India kutibiwa ugonjwa wangu wa utumbo. Pasipoti nilikuwa nayo, jamaa walikuwa wamenichangia nauli, na kilichobaki ni kadi ya njano, kwa kuwa India hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri anayetoka Kenya. Nikapanga foleni katikati ya jiji, nikalipa, nikakunja mkono wa blauzi. Sista akaniuliza kama nadhurika nikila mayai. Sidhuriki. Nina mimba? Sina. Tayari alikuwa amevuta dawa kwenye sindano.

Ndipo nikasema, kama mtu anayepitisha maneno tu, "Na hizi prednisoloni ninazomeza, sista, hazina shida?"

"Unameza ngapi?"

"Nane kwa siku." Zile za miligramu 5.

Akairudisha sindano kwenye trei. "Mama, leo sikuchomi. Rudi kwa daktari wako kwanza."

Nilikasirika njia nzima hadi Donholm. Baadaye nikaja kuelewa kwamba sista huyo aliniepusha na hatari ambayo mimi mwenyewe sikujua kama ipo. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, na mimi kinga yangu ilikuwa imeshushwa makusudi kwa dawa ili utumbo wangu upone. Laiti ningenyamaza, ningechomwa.

Tangu siku hiyo nimekutana na wagonjwa wenzangu wa aina mbili. Kuna anayeogopa chanjo zote, hata zile ambazo angepaswa kuzikimbilia, na kuna anayechomwa chochote mradi ni bure. Wote wawili hawajaambiwa kwamba jibu linategemea mambo mawili tu: chanjo yenyewe ni hai au si hai, na siku hiyo uko kwenye dawa gani. Sista wa dirishani analijua la kwanza. La pili unalijua wewe. Mimi ni mgonjwa, si daktari, na haya niliyoyaandika hapa ni ya kukusaidia kwenda kwa daktari wako wa matumbo ukiwa na maswali yaliyonyooka.

Hatua ya 1: Andika dawa zako zote kwenye karatasi moja

Juu kabisa andika jina la ugonjwa kama daktari alivyouandika. Usiseme "nina shida ya tumbo." Nairobi shida ya tumbo ni alsa, ameba au taifodi, basi. Mimi nilitibiwa taifodi mara nne kabla ya kuchunguzwa utumbo kwa kamera. Na kwa kuwa taifodi yenyewe kwa Kiswahili ni homa ya matumbo, ukimwambia mhudumu una ugonjwa wa matumbo atafikiria hiyo, na ukitaja kolitisi ya vidonda atasikia vidonda vya tumbo. Onyesha maandishi: ugonjwa wa Crohn, au kolitisi ya vidonda. Yote mawili ni magonjwa ya uvimbe wa utumbo, ambayo kwenye faili huandikwa IBD.

Chini yake weka dawa, dozi, na tarehe ya mwisho ya kuitumia kila moja.

Kama unatumia mesalazini au salfasalazini peke yake, pumua. Hizo hazishushi kinga ya mwili kwa namna ya kuzuia chanjo, na kwa kawaida utachanjwa kama jirani yako.

Dawa zinazobadilisha mambo ni hizi: prednisoloni ya miligramu 20 au zaidi kwa siku ikiwa umeitumia kwa wiki mbili au zaidi, azathioprini, merkaptopurini na methotreksati, infliksimabu na adalimumabu, ustekinumabu, na vidonge vipya kama tofasitinibu. Vedolizumabu hufanya kazi zaidi kwenye utumbo wenyewe kuliko mwili mzima, lakini bado itaje.

Kisha ongeza zile ambazo hukuandikiwa na mtu. Hapa nasisitiza, maana nimeona. Tumbo likichachamaa usiku mtu hukimbilia duka la dawa la mtaani, akapewa vidonge ndani ya bahasha ya kaki isiyo na jina. Mara nyingi ndani mna prednisoloni au deksamethasoni, kwa sababu hutuliza haraka. Mwezi ukiisha mgonjwa huyo anaamini kwamba hatumii dawa yoyote ya kushusha kinga. Rudi dukani uulize jina, na ukiambiwa hawakumbuki, liandike hilo pia: "vidonge visivyo na jina, wiki tatu."

Hatua ya 2: Jua chanjo ipi ni hai

Chanjo hai ina kijidudu kizima kilichodhoofishwa. Kwa mtu mwenye kinga kamili kijidudu hicho hufundisha mwili kisha kinatoweka. Kwa mtu ambaye kinga yake imefungwa na dawa, kinaweza kuzaana na kuleta ugonjwa ule ule kilichokusudiwa kuuzuia.

Zilizo hai ambazo utakutana nazo Kenya ni BCG ya kifua kikuu, polio ya matone, rotavairasi ya matone, ukambi na rubela, homa ya manjano, na tetekuwanga. Nje ya nchi kuna pia chanjo ya mafua ya kupuliziwa puani na chanjo ya taifodi ya vidonge; ukiwa safarini uliza kabla ya kukubali.

Zisizo hai ni nyingi zaidi: mafua ya sindano, nimonia, hepatitisi A na B (homa za ini), pepopunda, HPV (virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi), taifodi ya sindano, homa ya uti wa mgongo, kichaa cha mbwa, polio ya sindano. Hizi haziwezi kukuambukiza chochote, uwe kwenye infliksimabu au usiwe.

Za korona ziliwatia wengi hofu kwa kuwa baadhi zilibeba virusi. Virusi hivyo vilitengenezwa visiweze kuzaana mwilini, kwa hiyo ziko upande wa zisizo hai.

Mfano mzuri wa kwa nini inafaa kujua tofauti hii ni kampeni ya Julai 2025, pale serikali ilipotoa chanjo mbili kwa pamoja kwa watoto: taifodi, na ukambi na rubela. Ya taifodi ilikuwa sindano isiyo hai. Ya ukambi na rubela ni hai. Mtoto mwenye Crohn anayetumia azathioprini angeweza kupokea moja na kuiacha nyingine, foleni ile ile, meza ile ile. Mzazi asiyejua ama alikimbia zote mbili au alikubali zote mbili.

Hatua ya 3: Tafuta ulichonacho mwilini

Watu wazima wengi wa Kenya hawana kadi ya kliniki ya utotoni, na hata ukiipata kwa nyanya kijijini haitakuwa na kila kitu. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1980. Kwa miaka mingi ukambi ulichanjwa dozi moja tu, mtoto akiwa na miezi tisa. Dozi ya pili iliongezwa 2013, na rubela ikaingia 2016. Hepatitisi B ilianza kuchanjwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chanjo ya nimonia ilikuja 2011. Kwa hivyo kama ulizaliwa 1988 kama mimi, chukulia una dozi moja ya ukambi kama una bahati, na hepatitisi B huna kabisa.

Mwombe daktari wako akupime damu kwa hepatitisi B: kama umeambukizwa, kama uliwahi kuambukizwa, na kama una kinga. Hili lifanywe kabla ya kuanza infliksimabu au adalimumabu, kwa sababu virusi vya hepatitisi B vinaweza kulala kwenye ini miaka na miaka halafu vikaamka kinga inaposhushwa. Pima pia kinga ya ukambi na ya tetekuwanga ikiwezekana. Tetekuwanga kumbukumbu ya mama inasaidia: wengi waliugua utotoni wakapakwa kalamini, na hao kwa kawaida wanayo kinga.

Kifua kikuu ni habari yake. Kovu la BCG mkononi halikuhakikishii lolote ukubwani, na mtu mzima hachanjwi BCG upya ili aanze dawa za kibayolojia, yaani zile kama infliksimabu na adalimumabu. Kinachotakiwa ni kupimwa kama una kifua kikuu kilicholala: eksirei ya kifua pamoja na kipimo cha ngozi au cha damu. Cha ngozi kinaweza kudanganywa na BCG ya utotoni. Cha damu hakidanganywi nayo. Kikipatikana, unatibiwa kwanza.

Hatua ya 4: Panga saa

Ugonjwa ukiwa mpya, kabla hujaanza dawa nzito, ndiyo nafasi nzuri kuliko zote. Chanjo hai ikihitajika, ichomwe angalau wiki nne kabla ya dawa. Zisizo hai zinafaa zaidi zikitangulia kwa wiki mbili hivi, lakini hizi hata ukichelewa unachomwa tu.

Ukiwa umeshaanza dawa za kushusha kinga, chanjo hai zinasimama. Baada ya kuacha prednisoloni ya dozi kubwa subiri angalau mwezi mmoja. Baada ya kuacha azathioprini au infliksimabu, angalau miezi mitatu.

Nimesema baada ya kuacha, na hapa kuna mtego. Usiache dawa mwenyewe ili uchanjwe. Najua mtu aliyefanya hivyo kwa ajili ya safari, utumbo ukaamka wiki ya tano, akalazwa. Tena anayekatiza infliksimabu kwa muda mrefu kisha akairudia anaweza kudhurika na dawa yenyewe wakati wa kuwekewa dripu. Kuacha ni uamuzi wa daktari wa matumbo, na mara nyingi atakuambia haifai.

Ikiwa utumbo unawaka sasa hivi, damu inatoka, unahitaji dawa wiki hii, basi anza dawa. Hakuna mwongozo unaomwambia mgonjwa atokwe damu mwezi mzima akisubiri chanjo ya tetekuwanga.

Hatua ya 5: Zile za kukimbilia

Mafua, kila mwaka, ya sindano. Nairobi hatuna majira ya theluji ya kutukumbusha, kwa hivyo mimi nimeifunga na mwezi wangu wa kuzaliwa ili nisisahau.

Nimonia. Hospitali yako ikiwa na ile inayokinga aina 20 za bakteria wa nimonia, sindano moja inatosha. Ikiwa na ile ya aina 13, utahitaji kuongezewa ya aina 23 baada ya wiki nane au zaidi. Uliza una ipi na uandike.

Hepatitisi B: sindano tatu, ya kwanza, ya mwezi mmoja baadaye, na ya mwezi wa sita. Wengi huishia ya pili. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya ya tatu pima tena damu. Kinga inahesabiwa kuwepo ikifika 10 au zaidi kwa kipimo cha maabara. Tulio kwenye dawa tunashindwa kufika hapo mara nyingi kuliko wengine, na hapo daktari anaweza kurudia mzunguko au kuongeza dozi. Usilichukue kama umefeli mtihani.

HPV. Serikali iliianza 2019 kwa wasichana wa kuanzia miaka 10, bure. Msichana au mwanamke aliye kwenye dawa za kushusha kinga huhitaji dozi tatu hata kama wenzake shuleni wamepewa moja au mbili, kwa hiyo mzazi amwambie mhudumu. Na kwa sisi watu wazima, chanjo haiondoi kipimo cha mlango wa kizazi. Dawa zetu zinatuweka kwenye hatari zaidi hapo.

Mkanda wa jeshi: ipo chanjo isiyo hai, na inafaa sana kwa walio kwenye tofasitinibu na dawa za jamii yake, ambazo huamsha ugonjwa huo. Mwulize daktari wako kama inaweza kuagizwa.

Chanjo za watoto ni bure kwenye vituo vya serikali, kuanzia Pumwani na Mama Lucy hadi zahanati za mitaani. Za watu wazima nyingi utalipia, hospitali za binafsi au maduka makubwa ya dawa. Piga simu kwanza kuuliza kama ipo, na uulize bima yako kabla ya kutoka nyumbani. Ukinunua chanjo mahali pamoja ukachomewe pengine, kumbuka lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Mkoba wa kawaida ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road saa nane mchana hauwezi kuifikisha salama. Nenda uchomwe pale pale inapohifadhiwa.

Hatua ya 6: Ukiwa mjamzito, andaa barua kabla ya uchungu

Kama utasoma sehemu moja tu, isome hii, na umsomee shemeji au dada yako.

Infliksimabu, adalimumabu na dawa nyingi za jamii hiyo hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto, hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Mtoto huzaliwa nazo kwenye damu. Infliksimabu imewahi kukutwa kwenye damu ya mtoto hadi karibu mwaka mmoja. Mtoto mwenyewe ni mzima, ananyonya, analia vizuri, lakini kwa muda huo kinga yake ni kama yako.

Kenya mtoto anachanjwa BCG na polio ya matone akiwa bado wodini au siku chache baada ya kutoka, na zote mbili ni hai. Ni utaratibu mzuri sana kwa taifa lenye kifua kikuu kingi, na wauguzi huufanya kwa bidii. Mtoto anachukuliwa, anachomwa, anarudishwa, na mama bado hajaamka vizuri. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto ambaye mama yake alikuwa na Crohn na alitumia infliksimabu wakati wa mimba. Mtoto alichanjwa BCG akiwa na miezi mitatu, na akafariki akiwa na miezi minne na nusu, BCG ikiwa imesambaa mwilini. Tangu hapo miongozo inasema BCG isubiri, angalau miezi sita, na wengi sasa hutaka mwaka mzima.

Basi fanya hivi. Ukifika mwezi wa sita wa mimba, mwombe daktari wa matumbo barua fupi: jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, na sentensi moja inayosema mtoto asipewe BCG wala polio ya matone hadi tarehe fulani. Nakala moja ibandike ndani ya kijitabu cha mama na mtoto, ukurasa ule wa chanjo wenyewe, usiikunje nyuma. Nakala ya pili iwe kwenye faili ya kliniki ya wajawazito. Ya tatu apewe mtu atakayekuwa nawe siku ya kujifungua, awe mume, mama mkwe au rafiki, na aambiwe kwa maneno: "Mtoto asichomwe kitu kabla hujaonyesha barua hii." Wewe utakuwa umechoka.

Zile zisizo hai za wiki ya 6, 10 na 14, yaani sindano ya pamoja ya magonjwa matano, nimonia na polio ya sindano, mtoto azipate kwa wakati bila kuchelewa hata siku moja. Rotavairasi ni hai, lakini wataalamu wameanza kuilegeza kwa watoto hawa, kwa hiyo lipate jibu la daktari wa watoto kabla ya wiki ya 6. Ya ukambi ya miezi tisa nayo mwulize, kulingana na dawa uliyotumia na ulipoiacha.

BCG iliyoahirishwa haijafutwa. Andika tarehe ya kurudi, na hadi tarehe hiyo umlinde mtoto: mtu wa nyumbani mwenye kikohozi cha wiki mbili apimwe kifua kikuu kabla ya kumbeba. Kuna wageni watakaonuna. Wanune.

Hatua ya 7: Watu wa nyumbani wachanjwe

Kinga yako ikiwa chini, ukuta wako ni wale unaokula nao. Mume, watoto na msaidizi wa nyumbani wapate mafua ya sindano, na watoto wapate chanjo zao zote, hata ya ukambi na rubela. Mtoto aliyechanjwa ukambi hakuambukizi.

Tahadhari ni kwenye matone. Mtoto aliyepewa polio ya matone au rotavairasi hutoa virusi vya chanjo kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Timu za polio zinapopita mlango kwa mlango na wino wa kidole, kama ilivyokuwa Nairobi 2024, usimfiche mtoto wako. Mwambie tu mhudumu kuna mtu nyumbani mwenye kinga ndogo, na kwa mwezi mmoja na nusu hivi mtu mwingine abadilishe nepi. Kama huna mwingine, vaa glavu na unawe kwa sabuni.

Kuhusu safari na kadi ya njano

Nairobi kwenyewe hatari ya homa ya manjano ni ndogo, ingawa Isiolo ilipata mlipuko 2022. Wengi tunaihitaji kwa sababu ya mipaka. Ikiwa bado hujaanza dawa na unajua kazi au familia itakupeleka nje, hii ndiyo chanjo hai ya kuwahi: huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha.

Kama uko kwenye dawa, daktari anaweza kukuandikia cheti cha kusamehewa kwa sababu za kiafya, na kanuni za afya za kimataifa zinakitambua. Lakini nchi unayokwenda inaweza bado kukuweka chini ya uangalizi. Uulize ubalozi kwa maandishi kabla ya kulipa tiketi. Na kusamehewa karatasi hakukukingi na mbu: ukienda kwenye eneo lenye mlipuko huna kinga, basi usiende. Mimi sikusafiri. Nilianzishiwa infliksimabu hapa hapa Nairobi.

Hatua ya 8: Siku ya sindano

Onyesha karatasi kabla ya kukaa kwenye kiti. Uliza kwa sauti, "Hii ni hai?" Akisita, omba aangalie kijikaratasi cha ndani ya boksi, kuuliza si utovu wa adabu. Kama una homa kali siku hiyo, ahirisha. Mafua madogo ya pua si sababu.

Ikiwa siku hiyo hiyo unawekewa infliksimabu au unajichoma adalimumabu, chanjo isiyo hai inaruhusiwa. Mimi huchagua mkono tofauti ili uvimbe ukitokea nijue umetoka wapi. Kaa dakika 15 kabla ya kuondoka. Piga picha ya lebo ya chupa yenye jina na nambari ya toleo.

Mkono utauma, na huenda ukapata homa ndogo siku moja au mbili. Meza parasetamoli. Usiguse brufeni wala diklofenaki, maana dawa za aina hiyo zinaweza kuuamsha utumbo, halafu lawama iangukie chanjo.

Na hofu hiyo niitaje wazi, kwa sababu ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani: "Chanjo itaniamshia ugonjwa." Wagonjwa wengi wamefuatiliwa baada ya chanjo za mafua na za korona, na haikuonekana kwamba ugonjwa huamka zaidi kwa waliochanjwa. Nyingine ni ya zamani zaidi, kwamba chanjo ya ukambi ndiyo iliyoleta Crohn. Ilienezwa Uingereza miaka ya 1990, na makala maarufu ya 1998 iliyounganisha chanjo hiyo na utumbo wa watoto na usonji ilifutwa na jarida lililoichapisha, mwaka 2010. Tafiti zilizofuata hazikuona uhusiano huo. Kilicho kweli ni kwamba dawa zetu, hasa infliksimabu pamoja na azathioprini, hupunguza nguvu ya chanjo. Ndiyo maana tunapima baada ya hepatitisi B, na ndiyo maana dozi za nyongeza hazirukwi.

Kuharisha kidogo siku ya kwanza kutapita. Ukienda choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, au homa ipite siku mbili, au moyo uende mbio, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda hospitali.

Ukikutana na ugonjwa kabla ya chanjo

Mtoto wa jirani akiugua ukambi au tetekuwanga na ulikaa naye chumba kimoja, mpigie daktari siku hiyo hiyo hata kama hujaona upele. Zipo sindano za kingamwili na dawa za virusi zinazosaidia zikitolewa ndani ya siku chache za mwanzo. Upele ukishatoka nafasi ya kuuzuia ugonjwa imepita, ingawa dawa za virusi bado husaidia kwa tetekuwanga, kwa hiyo nenda hospitali hima.

Ukiumwa na mbwa mtaani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali moja kwa moja. Chanjo ya kichaa cha mbwa si hai, na hakuna dawa ya utumbo inayokuzuia kuipata. Waambie una kinga ndogo ili wakuchome kwenye msuli na wakuongezee imunoglobulini (kingamwili zilizo tayari) kwenye kidonda, hata kama uliwahi kuchanjwa zamani, kisha rudi kwa kila dozi ya tarehe watakazokuandikia.